Usimamizi wa mirathi nchini Tanzania

Usimamizi wa mirathi ni kazi ya kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kilichobaki kwa warithi, chini ya uangalizi wa mahakama. Anayetajwa na wosia huitwa msimamizi wa wosia. Pasipo wosia, mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Katika hali zote mbili msimamizi ni mdhamini tu, anayeshika mali kwa niaba ya warithi. Wajane wengi wamepoteza nyumba kwa sababu shemeji aliyepewa barua ya usimamizi alijiona mrithi, na hakuna aliyemwambia kuwa sheria haimpi haki hiyo.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Mwombaji hupeleka cheti cha kifo, na kwa kawaida muhtasari wa kikao cha ukoo. Msimamizi aliyeteuliwa huko hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, muda ambao mahakama inaweza kuuongeza. Mirathi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, hufunguliwa katika mahakama za juu zaidi.

Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali ambao pia husimamia mirathi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili hupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, iliyowatambua pia wasaidizi wa kisheria.