Mate, Lami na Sheria Iliyolala

Mtoto wa Olympic akishika mpira wa kati, ule wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, anaweza kutema mate viganjani kabla ya kurusha, na hakuna atakayemwita mwizi. Besiboli ya Marekani nayo ilipitia hapo. Historia ya vidole vya warushaji wake imenifunza mengi kuhusu sheria, kuliko chuo nilichokiacha.

Mwaka wa 1920, ligi kubwa za kule zilipiga marufuku mpira wa mate. Mate yaliufanya mpira uteleze vidoleni, utoke bila kuzunguka sana, kisha udondoke ghafla mbele ya mpigaji. Lakini warushaji 17 walioutegemea waliruhusiwa kuendelea mpaka wastaafu. Wa mwisho, Burleigh Grimes, alirusha hadi 1934. Yaani uwanja mmoja, mate yaleyale: kwa huyu halali, kwa yule haramu.

Wengine wakajificha. Gaylord Perry alisimulia ujanja wake kitabuni mwaka wa 1974 akiwa bado anacheza. Mwaka wa 1991 akaingizwa kwenye Hall of Fame. Watu walijua, wakacheka tu.

Kisha ikaja gundi, na gundi ni kinyume cha mate. Kidole kikinata, mpira unazunguka haraka zaidi, na hewa inauzuia kushuka pale jicho la mpigaji linapoutarajia. Kuna waliochanganya krimu ya jua na unga wa utomvu wa msonobari, unga ambao peke yake ni halali. Kuna waliopaka lami ya msonobari. Kuna waliofika hadi Spider Tack, gundi ya majitu wanaobeba mawe mashindanoni.

Wapigaji wengi walinyamaza. Afadhali mrushaji anayeshika vizuri kuliko mpira wa kilomita 150 kwa saa umponyoke ukija kichwani kwako. Hofu hiyo ina kaburi: Ray Chapman aligongwa kichwani na mpira Agosti 1920, akafa kesho yake.

Muda huo wote sheria dhidi ya gundi ilikuwepo, imelala. Vifaa vya kupima mizunguko vikaanika mambo, na wapigaji wakazidi kukosa mipira. Tarehe 21 Juni 2021, msimu ukiwa katikati, waamuzi wakaanza kukagua kofia, mikanda na vidole. Ukishikwa, nje mechi 10.

Siku chache kabla ya hapo, onyo likiwa tayari limetoka, Tyler Glasnow wa Tampa Bay aliumia kiwiko. Alisema ni kwa sababu aliacha krimu na unga ghafla, ikabidi aubane mpira kwa nguvu ambayo mkono wake haukuizoea. Kilio chake kilikuwa kimoja: mngengoja msimu uishe.

Mimi sitetei gundi. Spider Tack iliwaibia wapigaji, period. Lakini sheria ikifumbiwa macho miaka na miaka, watu hujenga kazi zao juu ya huo usingizi, na siku ikiamka haimgusi aliyefumba macho. Muulize mama anayeuza mtumba kando ya barabara. Kanjo hupita miezi, wanamsalimia, wengine wananunua. Halafu asubuhi moja wanakuja na lori.