Pishi ya Mwanga

Kabla mizani za chuma hazijaenea madukani, nafaka katika visiwa na mwambao wa Afrika Mashariki zilipimwa kwa kibaba na pishi. Muuzaji aliweza kuusifu mchele wake apendavyo, na mnunuzi akautilia shaka apendavyo. Pishi ikishajazwa, maneno yalikwisha. Hata hivyo, pishi nayo ilikuwa na asili yake. Kuna aliyeichonga, na kuna waliokubaliana iwe ya mfuto au ya tele. Kila kipimo, basi, hubeba mambo mawili: uadilifu wa hesabu, na uamuzi wa yule aliyekianzisha. Mambo hayo mawili yamo pia katika vyombo ambavyo mtazamaji wa televisheni aghalabu hajapata kuviona, lakini ambavyo kwa muda mrefu vimeamua picha gani imfikie na kwa sura gani: osiloskopu, monita ya mawimbi na vektaskopu.

Haja ya vyombo hivyo inatokana na udhaifu wa jicho. Jicho ni shahidi mzuri, lakini si mpimaji. Atokaye kwenye jua la Forodhani saa saba mchana akaingia katika uchochoro wa Mji Mkongwe huona kiza kwa muda mfupi, kisha jicho hujizoesha, na uchochoro ule ule ukaonekana una mwanga wa kutosha. Kanzu huonekana nyeupe juani, na huonekana nyeupe vile vile chini ya taa ya karabai, ingawa mwanga unaorudi kutoka kwenye kitambaa umepungua mara nyingi na rangi yake imegeuka. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo katika karne ya 11, alilijua jambo hili. Katika Kitab al-Manadhir, kazi yake kubwa juu ya elimu ya mwanga na kuona, alitenga sehemu nzima kuyachambua makosa ya macho na sababu zake. Fundi wa studio anayekaa mbele ya kioo cha picha tangu asubuhi mpaka usiku hupatwa na makosa hayo hayo. Jicho lake huizoea picha mbovu mpaka likaiona nzuri.

Chombo kilichokuja kulisaidia jicho hakikubuniwa kwa ajili ya picha. Mwaka 1897, Karl Ferdinand Braun, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, alitengeneza bomba la kioo lililotolewa hewa, ndani yake ukipita mwali uliopiga ukuta wa mbele na kuacha doa la mwanga. Umeme ulipobadilika, doa lilipanda na kushuka. Braun alikitazama kipando hicho katika kioo kinachozunguka, na kwa njia hiyo akaliona umbo la wimbi la umeme. Miaka miwili baadaye Jonathan Zenneck aliufanya mwali wenyewe utembee upande hadi upande kwa mwendo uliopimwa, na wimbi likajichora bila ya kioo cha kuzungusha. Osiloskopu ilikuwa imezaliwa. Mwaka 1907 Boris Rosing, huko Saint Petersburg, alipendekeza bomba hilo hilo litumike kupokelea picha zinazotumwa kwa umeme. Kwa hiyo televisheni na chombo cha kuipimia ni ndugu wa tumbo moja: doa moja la mwanga, huku likichora uso wa mtu, kule likichora wimbi linaloubeba uso huo.

BBC ilipofungua matangazo yake ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, mafundi walikwisha kuelewa kuwa picha haiwezi kuendeshwa kwa kukisia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Tektronix, iliyoanzishwa Portland nchini Marekani mwaka 1946 na Howard Vollum, Jack Murdock na wenzao, ilitoa osiloskopu ambayo ililishika wimbi na kulituliza mbele ya macho, na baadaye ikawa miongoni mwa watengenezaji mashuhuri wa osiloskopu zilizoundwa mahsusi kwa ajili ya studio. Hizo ndizo monita za mawimbi.

Kuisoma monita ya mawimbi si kazi ngumu. Upande wa kushoto wa mchoro ni kushoto kwa picha, na kulia ni kulia. Lakini juu na chini si juu na chini ya picha. Ni kiasi cha mwanga. Ukuta uliopakwa chokaa huchora utando wa mwanga karibu na kilele. Mlango ulio wazi wa chumba chenye kiza huchora shimo chini kabisa. Katika mfumo wa mistari 625, wimbi zima limepewa nafasi ya volti 1. Sehemu ya chini, volti 0.3, ni ya mapigo yanayoziweka televisheni zote katika hatua moja, volti 0.7 zilizobaki ni picha yenyewe, tangu kiza kitupu mpaka weupe wa mwisho. Wamarekani waliigawa nafasi ya picha katika sehemu 100, wakaziita kwa herufi za jina la chama chao cha wahandisi wa redio, IRE, na weusi wakauanzia kwenye 7.5 badala ya sufuri. Hata kiza, basi, kilikuwa cha kukubaliana, kama mfuto na tele.

Kuvuka mpaka kulikuwa na adhabu yake. Katika mifumo mingi ya analogia, weupe uliozidi kiasi uliingilia sauti. Maandishi meupe mno yalipotokea kwenye kioo, spika ya mtazamaji ilitoa mngurumo uliodumu kadiri maandishi yalivyodumu. Mtazamaji alidhani televisheni yake imeharibika, kumbe kosa lilikuwa maili nyingi mbali, kwa fundi ambaye hakuitazama monita yake. Huo ndio uliokuwa msingi wa nidhamu ya studio: kabla ya kuuliza kama picha inapendeza, iulizwe kwanza kama imo ndani ya kipimo.

Rangi ilileta tatizo jipya. Marekani iliidhinisha mfumo wake wa NTSC tarehe 17 Desemba 1953, na ndani yake aina ya rangi ilibebwa na kuwahi au kuchelewa kwa wimbi dogo lililopandishwa juu ya wimbi la picha. Kuchelewa kidogo tu kulitosha kuufanya uso ugeuke kijani au zambarau. Kosa la namna hiyo halionekani vyema katika monita ya mawimbi, na ndipo ilipohitajika vektaskopu, chombo kinachochora rangi juu ya duara. Pembe huonyesha ni rangi gani, na umbali kutoka kitovuni huonyesha rangi imekolea kiasi gani. Picha isiyo na rangi hubaki nukta moja katikati. Mafundi walirusha mistari ya rangi zinazojulikana, na kila rangi ilitakiwa iangukie ndani ya kijisanduku chake. Isipoangukia, vifungo vilizungushwa mpaka iangukie. Huko Ujerumani, Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken alibuni mfumo wa PAL, ambao huugeuza upande wa sehemu ya rangi katika kila mstari wa pili ili kosa la mstari mmoja lifutwe na la mwenzake. Matangazo ya rangi kwa mfumo huo yalianza Uingereza na Ujerumani Magharibi mwaka 1967.

PAL ndiyo mfumo uliofika Zanzibar. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisiwa kilichokuwa kikitajwa ulimwenguni kwa karafuu kilianzisha televisheni ya rangi, inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika kusini ya Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake, ilisubiri mpaka Januari 1976; Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Zanzibar haikupitia kwanza daraja la picha nyeusi na nyeupe. Iliingia moja kwa moja katika rangi, na pamoja na rangi ikaipokea pishi yake, pishi iliyochongwa mbali.

Na waliopokea pishi hiyo walikuwa na haki ya kuuliza imechongwa kwa kufuata uso wa nani. Kampuni za Marekani zilipokuwa zikijaribu rangi mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, wanawake weupe walikalishwa mbele ya kamera kwa saa nyingi ili mafundi wazirekebishe kwa ngozi yao. Maabara za filamu nazo zilitumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe kuwa kigezo cha uso uliosafishwa sawasawa. Lorna Roth, mtafiti wa chuo kikuu cha Concordia mjini Montreal, aliieleza historia hiyo kwa kirefu katika makala yake ya mwaka 2009. Vitabu vya kufundishia vikairithi: uso, vilisema, ukae karibu na 70 katika 100. Fundi aliyeifuata kanuni hiyo mbele ya msomaji habari mwenye ngozi nyeusi alikuwa na njia mbili tu, zote mbaya. Ama aufungulie uso mwanga mpaka ukapauka na nguo nyeupe zikaungua, ama auache ulivyo na aamini kuwa kasoro ni ya uso.

Lakini hapo hapo ndipo vektaskopu ilipotoa ushahidi ambao huenda waundaji wake hawakuukusudia. Wahandisi wa NTSC walichagua mhimili mmoja wa rangi, kati ya chungwa na samawati, kwa kuwa jicho huona vitu vidogo vizuri zaidi katika rangi hizo. Mafundi wakatambua kuwa nyuso za watu huangukia karibu na mstari huo, na uso wa Mswidi na uso wa Mmakunduchi, vikimulikwa na taa moja, huelekea upande mmoja wa duara. Kinachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga unaorudi, na kukolea kwa rangi. Kipimo, kwa hiyo, hakikuwahi kusema kuwa uso mweusi ni kosa. Aliyesema hivyo ni aliyeichukua namba ya uso mmoja akaifanya sheria ya nyuso zote.

Mwaka 1982 mapatano ya kimataifa yaliiweka picha ya studio katika namba. Kwa kipimo cha biti 8, weusi ukapewa 16 na weupe 235, na ncha mbili zikaachiwa nafasi ya dharura. Bomba la Braun limekwisha kuondoka studio, na mchoro wa wimbi sasa ni kidirisha kimoja tu ndani ya programu za kuhariria, nyingine zikipatikana bure. Chombo kilichokuwa cha mashirika kimefika mezani kwa kijana anayehariri video za harusi Ng'ambo.

Na harusi ndiyo mtihani wake. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe husimama juani, na kofia imeutia uso wake kivuli. Kamera ikiachiwa ijiamulie, huiogopa kanzu na kupunguza mwanga, na uso wa mwenye siku yake ukazama kizani. Mpiga picha anayeisoma monita ya mawimbi huiona kanzu ikigusa kilele na uso ukiwa umelala chini, na hujua kuwa dawa si kuinua picha nzima. Huiweka kanzu chini kidogo ya 100 ili darizi za shingoni zisipotee, kisha hutafuta mwanga wa kuurudishia uso. Humgeuza bwana harusi kuelekea ukuta mweupe, au husimamisha kitambaa cheupe pembeni. Uso haulazimiki kufika 70. Unalazimika kuonekana.

Pishi haikuwadhulumu watu sokoni. Waliodhulumu ni walioishika bila ya kutaka kujua ilivyochongwa. Aijuaye historia ya kipimo hakitupi kipimo, wala hakisujudii. Hukijaza, hukisoma, kisha huuangalia tena uso wa mtu aliye mbele yake.