Mbung'o wa Unguja na hofu ya nyuklia

Litaje neno nyuklia kwenye baraza yoyote hapa Kizimbani, utajibiwa Hiroshima, Chernobyl, pengine Fukushima. Sijasikia anayetaja mbung'o.

Na mbung'o ndio historia yetu wenyewe. Kwa miaka mingi walieneza nagana Unguja, ng'ombe wakikonda mpaka kufa. Katika miaka ya 1990, serikali ikishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakapigwa mionzi ya gama mpaka yakawa tasa, kisha yakamwagwa kisiwani kwa ndege, zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu; likipata dume tasa, basi, kizazi kimekatika. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996.

Sasa vuka maji uende Uyombo, Kilifi. Mwaka 2024 wananchi waliandamana kupinga kinu cha nyuklia ambacho Kenya ilitaka kukijenga pwani yao, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Wapo waliosema hao ni watu wasioelewa sayansi. Mimi sikubali. Ujerumani haina upungufu wa wanasayansi, na bado ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, wakati jirani yake Ufaransa inapata zaidi ya nusu ya umeme wake humo humo kwenye nyuklia.

Kwa hiyo tofauti tusiitafute kwenye elimu tu. Unguja, mionzi ilibaki Tanga, faida ikaingia zizini kwa mfugaji. Uyombo, umeme ungesafiri kwenda gridi ya taifa, na mvuvi angebaki na kinu na taka zake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tusijione sisi tuko nje ya mjadala huu. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na ulipokatika Desemba 2009 tulikaa gizani miezi mitatu. Akija mtu kesho na ahadi ya kinu, wengi watasikiliza. Mimi nitauliza kwanza kijengwe shamba la nani, na mwenye shamba ameulizwa lini.