Tochi ya zambarau na mtu aliyepotea usiku: inafaa wapi, haifai wapi

Siku hizi mtu akipotea mtaani kwetu Likoni na jua likazama, hakosi kijana mmoja kuja na tochi ya mwanga wa zambarau, ile ambayo wenye maduka na mawakala wa M-Pesa huitumia kukagulia noti. Watu wameona kwenye filamu mpelelezi akimulika chumba chenye giza na mambo yote yakafichuka, wakaamini kwamba tochi hiyo ikizungushwa vichakani au ufuoni mtu ataonekana. Naandika haya kwa sababu usiku wa kumtafuta mtu una saa chache za maana, na nimeona saa hizo zikipotea kundi zima likimfuata mwenye tochi ya zambarau.

Nitangulize jibu kwa asiye na muda wa kusoma yote. Tochi hiyo inaonyesha baadhi ya vitu ambavyo mtu ameviacha njiani, tena kwa karibu sana. Mtu mwenyewe hutafutwa kwa tochi ya kawaida, kwa sauti na kwa watu wengi.

Sasa tuuangalie mwanga wenyewe. Jicho letu linaona mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni kuanzia nanomita 400 hivi, upande wa zambarau, hadi 700, upande wa nyekundu. Chini ya 400 ndipo unapoanza mwanga wa urujuanimno, ambao jicho haliuoni. Mjerumani Johann Ritter ndiye aliyeugundua mwaka 1801. Wataalamu wameugawa mafungu matatu: A, kati ya nanomita 315 na 400, B, kati ya 280 na 315, ambao ndio hasa unaochoma ngozi juani, na C, chini ya 280, ambao hewa ya juu huuzuia usitufikie na ambao hospitali na mitambo ya maji hutengeneza wa kwao ili kuua vijidudu. Tochi za madukani ni za fungu A.

Kuna vitu ambavyo vikipigwa na mwanga huo huumeza, na papo hapo huutoa tena ukiwa na rangi inayoonekana. Ndiyo sababu nyuzi na alama zilizofichwa ndani ya noti huwaka. Ukizima tochi, mng'aro unakufa palepale. Kitu kisicho na kemikali ya namna hiyo hakitawaka hata ukikimulika hadi alfajiri. Meno na kucha huwaka kidogo; ngozi ya mtu haiwaki kiasi cha kuonekana kwa mbali. Kinachowaka sana ni nguo nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, kwa kuwa nyingi za sabuni hizo hutiwa kemikali ya kung'arisha weupe. Kanzu safi, shati jeupe la shule na kofia ya kitambaa hutoa mwanga wa samawati. Buibui jeusi limezimika kabisa.

Nilijaribu mwenyewe huku Timbwani usiku usio na mbalamwezi, pamoja na majirani wawili. Tulitundika kichakani kanzu, buibui na reflekta ya mwendesha bodaboda. Tochi yetu ya zambarau ilikuwa ya bei ya chini, ya nanomita 395. Kwa hatua tatu kanzu iliwaka kama taa. Kwa hatua kumi ilionekana bado, lakini lazima ujue unatazama wapi. Kwa hatua thelathini hatukuona kitu. Buibui halikuonekana hata tulipolikaribia kulishika. Kisha tukaizima, tukawasha tochi ya kawaida yenye mwanga mweupe. Tepe za rangi ya fedha za ile reflekta ziliturudishia mwanga kutoka mwisho wa uwanja, zaidi ya hatua mia moja, na kanzu tuliiona vizuri kwa hatua hamsini.

Sababu yake si fumbo. Mwanga wa tochi hutawanyika. Ukienda mbali mara mbili, unaofika kwenye kitu hubaki robo. Hiyo robo ikishageuzwa kuwa mng'aro, nao hutawanyika kila upande unaporudi kwako, ukabaki robo ya robo. Utepe wa reflekta hautawanyi hivyo: umetengenezwa kwa vishanga au vipembe vidogo vya kioo vinavyourudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye jicho la aliyeshika tochi.

Hapa niseme neno na ndugu zetu wa bodaboda. Ile rangi ya manjano kali au ya kijani ya kizibao inawaka mchana kwa sababu jua lina urujuanimno wake. Usiku rangi hiyo haina kazi kubwa. Kinachokuokoa ni utepe wa fedha. Reflekta ambayo utepe umechubuka, na ukisimama kwenye foleni ya feri utaziona nyingi, ni nguo ya manjano tu.

Wauzaji wanapenda kusema kwamba tochi zote za zambarau ni sawa. Hazilingani. Ya nanomita 395 inatoa mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana, nao unafunika mng'aro hafifu wa kitu unachokitafuta. Ya 365 haionekani sana kwa jicho, kwa hiyo kinachowaka kinajitokeza vizuri zaidi. Ni ghali zaidi, na ni hatari zaidi pia, kwa sababu jicho halioni ukali wake ili lijikunyate. Usimmulike mtu usoni, sembuse mtoto, na anayeitumia kwa muda mrefu avae miwani ya kazi inayozuia urujuanimno.

Halafu kuna jambo la taka. Karatasi huwaka. Tishu huwaka, na plastiki za namna nyingi, na matambara. Fuo zetu na vichochoro vyetu tunavijua. Ukiwasha tochi hiyo kwenye mtaro wa Chaani au pembeni mwa jaa la Mwakirunge utaona mamia ya vitu vya samawati vikikukonyeza, na kila kimoja kitawataka watu wakakikague. Kundi la watu ishirini linaweza kumaliza usiku likiokota karatasi.

Inafaa wapi basi? Inafaa pale utafutaji wa kawaida umeshakufikisha mahali padogo. Tuseme mtoto wa shule alionekana mara ya mwisho akikata njia kwenye kichaka nyuma ya timbo la zamani kule Kisauni. Watu wamepita na tochi nyeupe, wameita, hawakujibiwa. Sasa mtu mmoja, na awe mmoja, abaki nyuma ya mstari na ile tochi ya zambarau, wengine wazime zao kwa dakika chache, amulike miiba kwa umbali wa hatua mbili tatu. Uzi mweupe ulionaswa na mwiba, ambao tochi ya kawaida inaupita kwa kuwa kila kitu kimekuwa cheupe, utawaka peke yake. Vivyo hivyo ukurasa wa daftari. Ukikipata kitu usikiokote. Weka alama, piga picha, mtu abaki hapo, polisi waitwe.

Faida nyingine ni ya watafutaji wenyewe. Nge huwaka. Gamba la nge chini ya mwanga huu hutoa rangi ya kijani yenye samawati, na anaonekana kwa hatua kadhaa juu ya jiwe. Kwenye mawe ya matumbawe na magogo yaliyooza, kabla hujaingiza mkono, hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kubeba tochi hii. Nyoka hatakuonyesha.

Damu nayo haiwaki. Filamu zimetudanganya. Chini ya urujuanimno damu huumeza mwanga ikaonekana doa jeusi, na lile jimbi la samawati la kwenye filamu hutokana na dawa ya luminoli inayonyunyizwa na wataalamu, bila tochi hii kabisa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kitu kinachong'aa akasema ni damu, usiipeleke habari hiyo kwa mama wa mtoto.

Majini tochi hii haina nafasi, na sisi wa Likoni tuna sababu ya kulijua hilo. Jumapili tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama na mama na binti yake mdogo. Walikuja wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji, wakaja wengine kutoka Afrika Kusini, na gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu, kutoka kina cha karibu mita 58. Mkondo wa Kilindini una matope na vumbi la majini. Mwanga wowote hugonga chembe hizo ukarudi kama taa za gari kwenye ukungu. Vifaa vinavyoona katika maji ya namna hiyo hutumia sauti: sona hutuma mlio, ukasikilizwa ukirudi. Aliye juu ya maji naye anaonekana kwa utepe wa kuakisi ulioshonwa kwenye jaketi la kuokolea maisha, taa ndogo ya jaketi hilo, na kipenga. Wavuvi wetu wengi hutoka bila hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na kipenga bei yake haifiki hata ya samaki mmoja.

Kifaa kinachomwona mtu mwenyewe gizani kipo, ila kiko upande wa pili wa rangi, baada ya nyekundu. Ni kamera ya joto. Mwili wenye nyuzi 37 hutoa miale ya joto, na kamera hiyo ikifungwa kwenye droni inaweza kumwona mtu aliyelala uwandani. Kwetu Pwani ina tatizo lake: usiku wa Machi hewa yenyewe ni ya joto, na kuta na miamba iliyopigwa na jua kutwa hubaki moto, basi mwili haujitengi sana. Karibu na alfajiri, mawe yakishapoa, ndipo inapofanya kazi vizuri. Haimwoni mtu aliye chini ya maji wala aliyefunikwa na majani mazito ya mikoko.

Mikoko ndiyo inayonitia hofu zaidi kuliko kichaka. Hori ya Tudor upande wa Mikindani na Mishomoroni, na ile ya Port Reitz nyuma ya Changamwe, mtu akipotelea humo maji yakiwa yamekupwa ana saa sita hivi kabla hayajajaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita tatu. Kwa hiyo swali la kwanza katika mikoko ni maji yanakwenda wapi, na wa kuulizwa ni mvuvi wa hapo, maana yeye anajua kila mlango. Itaneni majina, kisha nyamazeni wote dakika nzima na kusikiliza. Aliyechoka hujibu kwa sauti ndogo, na kundi linalopiga kelele mfululizo humpita.

Na kabla ya mikoko na timbo, nyumbani. Chini ya vitanda, ndani ya gari bovu lililoegeshwa uani, kisima, tangi la maji, shimo la choo, nyumba ya jirani inayojengwa. Mtoto mdogo na mzee aliyepungukiwa kumbukumbu mara nyingi hawako mbali. Msikiti utangaze, tangazo la kipaza sauti linafika kwa dakika moja kote ambako tochi zitafika kwa saa mbili.

Kuna wazazi wameanza kuandika nambari ya simu mkononi mwa mtoto kwa kalamu ya wino usioonekana, ule unaowaka kwa zambarau, wanapompeleka Pirates siku ya Idd au Krismasi. Wazo ni kumficha mtoto na matapeli. Lakini muuza mihogo atakayemwona mtoto analia pale ufuoni Bamburi hana tochi hiyo, wala hajui kuna kitu cha kutafuta. Andika kwa kalamu ya kawaida, ndani ya ukosi au nyuma ya mkanda wa suruali.

Jambo la kuripoti lisingoje. Hakuna sheria Kenya inayokutaka usubiri saa 24. Jirani yangu mmoja aliambiwa hivyo kwenye kituo fulani, akarudi nyumbani. Angeweza kusimama hapo hapo na kudai aandikiwe nambari ya OB. Piga 999 au 112, na kwa mtoto 116, ambayo haitozwi pesa. Yako pia mapotevu ya namna nyingine hapa Pwani, ya watu waliochukuliwa na magari wasionekane tena. Hayo si ya tochi ya rangi yoyote. Familia ikishapata nambari ya OB iende Haki Africa au MUHURI usiku huo huo ikiwezekana.

Unapokwenda kituoni beba picha ya karibuni, na uwe tayari kueleza nguo kuanzia kichwani hadi viatuni: rangi, mikono mirefu au mifupi, alama ya soli kama unaikumbuka. Taja pia kama nguo ilikuwa nyeupe na ilifuliwa lini na kwa sabuni gani. Askari anaweza kukushangaa, lakini kijana mwenye tochi ya zambarau atajua kama ana cha kutafuta au aiweke mfukoni, ashike nyeupe kama wenzake.