Nani anamsemea mtumiaji wa kawaida wa intaneti?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, serikali ilikata intaneti katika Kongo yote. Kukatwa huko kulidumu karibu siku ishirini. Kwa wakaaji wa Uvira wenye jamaa waliotawanyika Bujumbura, Bukavu au kambini Nyarugusu, WhatsApp ilinyamaza. Swali likabaki: raia wa kawaida anasemewa na nani?

Swali hilo ni la zamani. Shirika la ICANN lilianzishwa Marekani mwaka 1998 ili kusimamia majina na anwani za intaneti, kama .cd ya Kongo, iliyochukua nafasi ya .zr ya Zaire. Mwaka 2000 liliwaita watumiaji wa dunia nzima wachague wakurugenzi watano, mmoja kwa kila eneo. Afrika ilimchagua Nii Quaynor wa Ghana, lakini waliopiga kura barani kote hawakufika mia mbili. Muda mfupi baadaye, utaratibu huo wa uchaguzi ukaachwa.

Mahali pake pakawekwa kamati ya ushauri ya watumiaji, ALAC. Ina watu 15, watatu kwa kila eneo. Mwaka 2007, huko Lisbon, mashirika ya Afrika yalitia saini mapatano yaliyozaa muungano wao, AFRALO. Mwaka 2010 watumiaji wakapata tena kiti chenye kura kati ya wakurugenzi. Mwanzoni walikuwa na vitano. Sasa ni kimoja.

Sauti ya Kivu pia imefika huko. Arsène Tungali, wa shirika la Rudi International la Goma, aliketi katika baraza la ICANN linaloandaa kanuni za majina, kwa niaba ya watumiaji wasio wa biashara.

Hata hivyo, ICANN haiwezi kuizuia serikali kukata intaneti. Amri hiyo hutoka Kinshasa na kutekelezwa na makampuni ya simu. Ndiyo maana mashirika ya kiraia hubisha milango mingine pia. Julai 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lililaani tendo hilo.

Historia ya mwaka 2000 inatoa fundisho: kiti kisicho na watu nyuma yake hakidumu. Mlango wa AFRALO uko wazi kwa vikundi vidogo. Kikundi cha Mulongwe, cha Kalundu au cha kambini kinaweza kuugonga.