Mkunga wa Mto Tana

Mji wa Kutus umejengwa chini ya Mlima Kenya, mbali sana na bahari. Lakini maji ya Mto Thiba, upitao karibu nao, huingia katika Mto Tana. Na Tana, ambao urefu wake ni kadiri ya kilomita 1,000, humwagika baharini huko Kipini. Njia hiyo ya maji yashukayo ilikuwa pia njia ya samaki apandaye, naye ni mkunga.

Mkunga huyu, mwenye umbo kama la nyoka, huzaliwa katika Bahari ya Hindi. Wataalamu hudhani ni mashariki ya Madagaska. Akiwa mdogo hufanana na jani, na mikondo ya bahari humchukua mpaka pwani ya Afrika. Hapo hugeuka, akawa mwembamba na mwangavu kama kioo, kisha huingia mtoni na kuanza kupanda. Maporomoko hayamzuii upesi, kwa kuwa hutambaa juu ya mawe yenye maji. Hukaa mtoni miaka mingi, akila kaa, wadudu na samaki wadogo. Akikomaa hurudi baharini, huzaa mara moja tu, kisha hufa.

Mwaka 1955 Winifred Frost, mtaalamu wa Kiingereza, alichapisha uchunguzi wake juu ya mikunga wa Kenya. Wakati huo Tana ilikuwa haijazibwa. Baadaye nchi ilihitaji umeme. Bwawa la Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, na Kiambere 1988. Mto Thiba huingia katika bwawa la Kamburu. Basi kati ya Kutus na bahari zimesimama kuta nne. Mkunga mchanga hawezi kupanda ukuta mrefu ulio mkavu, na mkunga mzima ashukaye aweza kuuawa na mitambo.

Mabwawa hayo yametupa taa, wala hakuna apendaye kurudi gizani. Tena watu wa zamani wa Kirinyaga hawakuwa na desturi ya kula samaki. Huenda ndiyo sababu njia ya mkunga ilifungwa bila kilio.

Hata hivyo, si lazima kuchagua taa au samaki. Huko Ulaya mabwawa kadha yamewekewa mifereji myembamba yenye maji, ili mikunga wachanga wapate kupanda. Basi tuandikapo historia ya mto, tusiwataje waliojenga tu. Tuitaje na njia iliyozibwa, kwani njia iliyosahauliwa haina wa kuifungua.