Meli ya Angani Iliyokusudia Kuja Afrika Mashariki



Katika makala yetu ya leo tunazungumzia chombo ambacho vijana wengi wamekiona kwenye picha tu, nacho ni meli ya angani. Hiyo haikuwa ndege yenye mabawa. Ilikuwa chombo kirefu chenye umbo la muhogo, kilichojazwa gesi nyepesi kuliko hewa, kikaelea juu na kusukumwa na injini. Miaka mia moja iliyopita wataalamu wakubwa wa dunia waliamini kwamba hicho ndicho kitakachowasafirisha abiria kutoka bara moja hadi jingine.

Huenda msomaji akauliza, sisi wa Busia na Tororo hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu safari iliyowathibitishia watu kwamba meli za angani zinaweza kwenda masafa marefu ilikuwa safari ya kuja huku kwetu Afrika Mashariki. Haikufika. Na wakati chombo hicho kikiwa njiani, mababu zetu walikuwa wanafanya kazi ile ile ya kubeba mizigo ya vita, lakini wao walibeba kwa vichwa.

Meli ya angani ilitengenezwaje?

Muasisi wa vyombo hivi ni Mjerumani Ferdinand von Zeppelin, ambaye chombo chake cha kwanza kiliruka mwaka 1900 juu ya ziwa Constance, kusini mwa Ujerumani. Ndiyo maana mpaka leo watu wengi huviita zepelini.

Ndani yake mlikuwa na kiunzi cha madini mepesi, mfano wa mbavu za samaki. Katikati ya mbavu hizo ilipangwa mifuko mikubwa ya gesi ya haidrojeni, na juu ya kiunzi kizima kikavutwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia mvua. Jambo litakaloshangaza watu wetu wanaofuga ni hili: mifuko ile ya gesi ilitengenezwa kwa ngozi laini ya utumbo wa ng'ombe, kwa kuwa haikuvujisha gesi kwa urahisi. Inakadiriwa kwamba chombo kimoja kikubwa cha wakati wa vita kilihitaji matumbo ya ng'ombe zaidi ya laki mbili!

Mwaka 1909 iliundwa kampuni ya DELAG huko Ujerumani, nayo huhesabiwa kuwa shirika la kwanza duniani la usafiri wa abiria kwa anga. Hadi vita vilipoanza mwaka 1914 ilikuwa imefanya safari zaidi ya 1,500 bila abiria hata mmoja kufa. Safari hizo zilikuwa za matembezi ya karibu, mtu anapanda kutazama mji wake kutoka juu kisha anarudi nyumbani. Hakuna aliyejua kama chombo hicho kinaweza kuvuka bahari na jangwa.

Safari ya mwaka 1917

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika huku, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilizingirwa katika Tanzania ya leo. Bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na risasi na dawa zikawa haba. Basi wakuu wa Ujerumani wakaamua kupeleka msaada kwa meli ya angani.

Chombo kilichochaguliwa kiliitwa L59. Kilirefushwa makusudi kwa safari hiyo kikafikia mita 226, yaani viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Shehena yake ilikuwa tani 15 hivi za risasi, bunduki za rashasha, dawa, bandeji na hata cherehani. Na kwa kuwa huku hapakuwa na gesi ya kukijaza upya, kilikusudiwa kisirudi. Kila sehemu yake ilipangiwa kazi. Kitambaa cha nje kingekatwa kuwa mahema na nguo, kiunzi kingesimamishwa kuwa milingoti ya simu za upepo, na ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya kupita ndani ingeshonwa viatu.

Tarehe 21 Novemba 1917 L59 iling'oka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na watu 22 chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Ikapita juu ya Uturuki, ikavuka bahari ya Mediterania, ikaingia Misri, ikalifuata jangwa hadi Sudan. Mchana joto la jangwa lilitanua gesi, ikalazimika kuachiliwa nyingine, na chombo kikayumba mpaka wanamaji wazoefu wakatapika. Usiku baridi ilipoikunja gesi iliyobaki, chombo kikawa kizito na kushuka ovyo, ikabidi kutupa vitu nje ili wajiokoe.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa magharibi ya Khartoum, walipata amri kwa simu ya upepo kwamba wageuke warudi. Kuna hadithi iliyoenea kwamba Waingereza ndio waliotuma amri ya uongo. Lakini kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha kuwa amri ilitoka kwao, kwa sababu habari zilizowafikia zilisema jeshi lao limebanwa na mahali pa kutua hapapo tena. Na kweli, siku chache baadaye Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji.

L59 ilirudi Jamboli tarehe 25 Novemba. Ilikuwa imekaa angani saa 95 bila kutua na kwenda zaidi ya kilomita 6,700. Miezi michache baadaye, Aprili 1918, iliwaka moto juu ya bahari karibu na Italia na watu wote waliokuwamo wakafa.

Na huku chini je?

Hapa tunaomba wasomaji watulie kidogo. Tani 15 ni mzigo ambao lori moja la kawaida linalopita forodha ya Busia au Malaba hulizidi kwa mbali. Kwa mzigo huo Wajerumani waliunda chombo kizima. Je, upande wa pili, Waingereza walibebaje mizigo yao?

Walibeba kwa watu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na watu wetu wakakitamka Kariakoo. Kwa jumla Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa, hata kwa hesabu rasmi, walikaribia laki moja. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara, malaria, njaa na uchovu. Nyanza, ambayo wakati ule ilijumuisha nchi za Waluhya mpaka huku Busia, ilitoa watu wengi mno, na Uganda nayo ilitoa maelfu kwa maelfu. Baadhi walikwenda kwa hiari, wengine walikamatwa na watu wa machifu.

Basi mwezi ule ule wa Novemba 1917, yupo nahodha angani aliyeandikiwa vitabu, na yupo mpagazi wa Samia au Bukedi porini kusini mwa Tanganyika, kilo zake 20 na zaidi kichwani, ambaye jina lake halikuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la mishahara, na wengine hata huko hawamo.

Zama za abiria

Ile safari iliyoshindwa ndiyo iliyowafumbua macho wajenzi. Kama chombo kinaweza kukaa angani siku nne, basi kinaweza kuvuka Atlantiki na abiria. Mwaka 1928 ikaruka Graf Zeppelin, yenye urefu wa mita 236. Ilikuwa na vyumba vya kulala vya abiria wapatao 20, sebule yenye madirisha ya kuinama nje, na jiko la umeme, kwani moto wa kawaida ungekuwa hatari. Wahudumu na mabaharia walikuwa wapatao 40, maana yake kila abiria alihudumiwa na watu wawili! Mwaka 1929 iliizunguka dunia. Aprili 1931 ilipita juu ya mapiramidi na kutua Cairo, wakazi wa mji huo wakajionea wenyewe. Huko ndiko karibu na kwetu zaidi ambako meli hiyo ya abiria iliwahi kutua upande huu wa Afrika.

Waingereza nao walitaka kuunganisha himaya yao kwa meli za angani. Walijenga mlingoti wa kufungia chombo Ismailia, Misri, na banda kubwa Karachi, na wakapanga kufika hadi Afrika Kusini. Lakini tarehe 5 Oktoba 1930 chombo chao R101, kikiwa katika safari yake ya kwanza kwenda India, kilianguka Ufaransa na kuua watu 48 kati ya 54. Mpango wote ukafutwa. Kisha tarehe 6 Mei 1937 Hindenburg, kubwa kuliko zote zilizotangulia, ikaungua Marekani wakati wa kutua. Waliokufa walikuwa 36, na picha za sinema za moto ule zikaenea dunia nzima. Wajerumani walikuwa wakiijua gesi ya heliamu, ambayo haishiki moto, lakini karibu yote ilikuwa Marekani nayo haikuruhusiwa kuuzwa kwao.

Kwa nini isingefaa kwetu

Tuseme ajali zile zisingetokea. Je, meli ya abiria ingeweza kutia nanga Tororo? Wanafunzi wa fizikia watusikilize. Chombo hiki huelea kwa sababu hewa iliyokizunguka ni nzito kuliko gesi iliyo ndani. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi. Busia na Tororo ziko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, ambapo hewa imepungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Chombo cha ukubwa wa L59 kingepoteza nguvu ya kubeba tani saba au nane, yaani karibu nusu ya shehena yake, kabla hata ya kuhesabu joto la mchana. Ongeza ngurumo na radi za alasiri zinazotoka ziwani, ambazo kila mkazi wa huku anazijua. Mfuko wa haidrojeni chini ya radi si jambo la kutamani.

Kilichoshinda ni vitu vingine. Reli iliyopita Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Mwaka huo huo ndege za Imperial Airways zikaanza safari za kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, na baadaye ndege za kutua majini zikawa zikivuka ziwa kati ya Port Bell na Kisumu, si mbali na mwambao wa Samia. Lugha yetu nayo ikachagua. Neno rubani, ambalo mababu wa pwani walilitumia kwa kiongozi wa chombo baharini, likapanda angani, na chombo chenyewe kikapewa jina la kiumbe mwenye mabawa, ndege.

Na kwa mtu wa kawaida? Usafiri wa abiria uliozaliwa hapa mpakani ulikuwa baiskeli. Busia na Malaba ndiko inakosemekana lilikoanzia jina bodaboda, vijana wakiwavusha watu na mizigo yao kutoka boda hadi boda. Chombo hicho hakikuhitaji gesi wala mlingoti, na leo jina lake linajulikana Afrika Mashariki nzima.

Kumbukumbu ni amana

Huko Friedrichshafen, Ujerumani, kuna jumba zima la makumbusho ya zepelini, na tangu mwaka 2001 watalii hupandishwa angani kwa vyombo vidogo vya kisasa vinavyotumia heliamu. Hatuwalaumu. Watu wanaoitunza historia yao wana haki ya kuisimulia. Hata mabaharia wa L59 walikuwa watoto wa watu, nao walikufa kifo kibaya.

Sisi je? Wapagazi wetu wameachiwa sanamu chache, pamoja na majina ya masoko ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Nairobi, ambako wengi hununua nguo za Idi bila kujua jina limetoka wapi. Kijana wetu anaweza kukueleza jinsi Hindenburg ilivyoungua kwa sababu ameiona kwenye simu, lakini hajui kama babu wa babu yake alikwenda Kariakoo, wala kama alirudi.

Waliokwenda wote wametangulia mbele ya haki. Watoto wao nao karibu wote wameondoka. Waliobaki ni wajukuu, wazee ambao walisikia habari hizo wakiwa wadogo wakikaa na babu jioni. Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu wa madrasa: likizo hii, kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja wa ukoo wake, amwamkie kwa adabu, aulize ni nani alichukuliwa kwenda vitani, alitoka kijiji gani, na alirudi au hakurudi. Aandike jina kamili, jina la baba na jina la ukoo. Karatasi hiyo itunzwe nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Chombo cha mita 226 kinakumbukwa kwa safari ambayo hakuimaliza. Wengi wa mababu zetu waliumaliza mwendo wao na mizigo ikafika. Kuandika majina yao ni deni letu, na inshaallah tutalilipa kabla mlango haujafungwa.